Saa Janja ya Wanga wa Muhogo? Ngoja Kwanza

Washkaji wa hosteli wananiuliza kila siku: "Hivi wewe maabara unasoma au unapika uji?" Vyote viwili. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni utando wa wanga wa muhogo, wa kuvaa mkononi ili upime mwendo wa mwili.

Wanga ni polima ya asili. Unauchemsha na maji, unatia glisirini kidogo ili usipasuke, unamimina kwenye sahani bapa, unaacha ukauke. Unapata kitu kama nailoni, ila kinaoza ardhini. Utando wangu wa kwanza niliuvaa asubuhi. Kufika saa saba mchana, kwa jasho la Dar, ulikuwa umelegea kama chapati kwenye mchuzi.

Hapo ndipo nano inapoingia. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Nyuzi za mkonge zikisafishwa na kuchemshwa kwenye asidi, hubaki fuwele za selulosi zenye upana wa nanomita chache tu. Ukizichanganya na wanga zinakuwa kama nondo kwenye zege: utando unakaza, na maji yanapenya kwa shida.

Ili upitishe umeme, unaongeza kaboni, mfano grafini. Chembe zikigusana, umeme unapata njia. Ukikunja kiwiko utando unavutika, chembe zinaachana, ukinzani unapanda, na simu inasoma badiliko hilo.

Usidhani ukizidisha ndiyo bora. Mimi nilizidisha, chembe zikagandana mabonge, na utando ukakatikia palepale penye bonge. Kazi kubwa ni kuzitawanya sawasawa.

Sasa tuambiane ukweli. Kwenye andiko la mradi nilijigamba: "Kifaa hiki kinaoza chote." Dada mmoja wa darasani akauliza tu, "Na betri?" Nikabaki kimya. Wanga unaoza, betri na saketi haziozi. Sentensi ile ndiyo iliyokuwa inanibeba, lakini nimeifuta. Sasa nabuni mkanda unaofunguka kwa vidole, ili vya ndani vitolewe na kutumika tena, na wanga peke yake ndio urudi shambani.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kifaa "rafiki wa mazingira", usibishane naye. Muulize swali la yule dada.