Mifuko bila etiketi: namna mashini inasoma mukojo wetu

Mwaka 2009, banganga wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza matokeo ya mikojo ya watu 351 wa Katanga. Kobalti ilipita yote iliyokuwa imeandikwa mbele kwa raia wa kawaida, fasi yoyote. Tangu pale, siye wa sendika tunauliza: sawa, imeingia mu mwili. Inafanya nini humo?

Kupima metali peke haitoshi kujibu. Lazima kupima proteini pia, juu figo zikianza kuharibika, kama kadmiumu inavyoziharibu, proteini ndogo-ndogo zinapita mu mukojo mbele mutu ajisikie mugonjwa.

Labo inakata proteini vipande-vipande, inavipitisha mu tiyo nyembamba sana. Kila kipande kinatoka na dakika yake, mashini inakipima uzito. Jina, hakuna. Na viko maelfu. Ni kama mifuko ya madini ku depo, etiketi zote zimeanguka: unajua tu kilo na saa ya kufika. Sasa, mufuko huu wa leo njo ule wa jana?

Shida iko ku saa. Tiyo inachakaa, joto linabadilika, vipande vinachelewa, tena si vyote sawasawa. Watu wa hesabu wanaanza na vipande visivyo na mashaka, vyenye uzito ambao hakuna kingine kinao. Wanaangalia hivyo vimechelewa dakika ngapi mwanzoni, ngapi mwishoni, wanasahihisha saa ya vyote, kisha tu wanalinganisha. Viwili vikigombania fasi moja, waandike wana hakika kiasi gani. Kulazimisha pale, njo kumupa creuseur ugonjwa wa jirani ao kumuficha wake. Na kipande kisichoonekana, si kusema hakiko: pengine kilikuwa kidogo, mashini ikakiruka.

Kosa ingine, hili hatuhitaji diplome kuliona. Mikojo ya watumikaji wa mugodi ikipimwa yote siku ya kwanza, na ya watu wa mbali na mugodi yote siku ya tano, tofauti ya mashini na tofauti ya kobalti zinakuwa kitu kimoja. Hakuna hesabu ya kuziachanisha. Inafaa kuchanganya zamu, na kurudilia kila mara kichupa kimoja kile-kile, kionyeshe mashini imehama wapi.

Mu kartie yetu walikuja na vichupa, wakaenda, majibu hayakurudi. Safari ijayo, mbele bamama waweke kidole ku karatasi, tutaomba kuona mupango wa zamu za kupima.