Kadi yenye nembo ya klabu: Nani hulipia jezi ya shabiki?

SHABIKI wa soka nchini Uingereza, au wa mpira wa Kimarekani kule Marekani, anaweza kulipia chakula, mafuta ya gari na tiketi kwa kadi ya mkopo yenye nembo ya timu yake. Kila anapoitumia hupata pointi, na zikitosha hupewa jezi, tiketi au punguzo katika duka la klabu. Wengi huichukua wakiamini wanaichangia timu. Wanaichangia kweli, ila kwa kiasi kidogo kuliko wanavyodhani.

Klabu haikopeshi mtu. Mkopeshaji ni benki. Klabu huiuzia benki haki ya kutumia nembo pamoja na njia ya kuwafikia wanachama wake, nayo hulipwa ada kwa akaunti zinazofunguliwa na mara nyingi sehemu ndogo ya manunuzi. Kwa lugha ya sokoni, klabu ni dalali.

Biashara hii ilikuzwa na MBNA, benki iliyoanza mwaka 1982 katika jimbo la Delaware, Marekani. Mwaka uliofuata ilitoa kadi kwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, kisha ikavifuata vyama vya kitaaluma na timu za michezo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu anayejivunia nembo iliyo kwenye kadi haiachi upesi, hata akiletewa nyingine yenye riba nafuu. Viwanjani, mawakala waliweka meza na kugawa fulana kwa waliojaza fomu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ilizuia zawadi za namna hiyo kwa wanafunzi katika maeneo ya vyuo.

Fedha za zawadi

Sehemu ya fedha hizo hutoka kwa mwenye duka. Mteja akilipa dola 100 kwa kadi, duka halipati dola 100 kamili. Benki iliyotoa kadi huchukua ada yake, ambayo Marekani mara nyingi hukaribia asilimia 2, na wengine njiani nao hukata chao. Mfanyabiashara mwenye faida nyembamba hana budi kuiingiza ada hiyo kwenye bei, hivyo hata anayelipa fedha taslimu humchangia mwenye kadi.

Umoja wa Ulaya uliibana ada hiyo isizidi asilimia 0.3 kuanzia Desemba 2015, na Uingereza ilibaki na ukomo huo hata baada ya kujitoa. Baada ya hapo benki kadhaa za Uingereza zilipunguza au kufuta zawadi. Marekani haina ukomo kama huo kwa kadi za mkopo, ndiyo maana zawadi za huko ni nono zaidi.

Sehemu nyingine ni riba, na hapa ndipo shabiki huumia. Kadi ya mkopo hufanana na mali kauli: unachukua leo, unalipa baadaye. Kadi nyingi za Uingereza hutoa hadi siku 56 bila riba, kwa sharti kwamba deni lote la mwezi lilipwe kwa wakati. Anayefanya hivyo hula pointi bure. Anayelipa kiwango cha chini tu hutozwa riba kwa deni lililobaki, na anayetoa fedha taslimu kwa kadi hiyo kwa kawaida huanza kuhesabiwa riba siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Kadi inarudisha asilimia 1 ya manunuzi, na jezi ni pauni 60. Shabiki atalazimika kununua vitu vya pauni 6,000 ndipo aipate. Lakini akibeba deni la pauni 1,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 20, atalipa riba ya takriban pauni 200, yaani zaidi ya bei ya jezi tatu.

Mkataba wa benki na klabu nao una mwisho, na benki zenyewe huuzwa. MBNA ilichukuliwa na Bank of America mwaka 2006, na biashara yake ya Uingereza ikauzwa kwa Lloyds mwaka 2017. Klabu ikihamia benki nyingine, shabiki anaweza kubadilishiwa kadi akapewa isiyo na nembo yoyote, na pointi zake zikawekewa tarehe ya mwisho. Deni lake huendelea kudaiwa kama kawaida.