Santuri Inayokimbia

Gramafoni ikikosea mwendo, wa kwanza kulaumiwa ni mkanda wa mpira. Mara nyingi ni haki yake: mkanda uliolegea huteleza, na sauti ya mwimbaji Joseph Kabasele ikazama hadi kwenye besi. Lakini mkanda uliochoka hauwezi kukimbiza wimbo. Santuri ikienda mbio, tazama umeme.

Mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hupata umeme kutoka mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu pale pale mjini na kuzungusha mitambo ya Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni umeme wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kila sekunde, na mota ya sinkronia ya gramafoni huyafuata mawimbi hayo bila kupunguza wala kuongeza. Stabilaiza, ambayo wengi hukimbilia kuinunua, haifui dafu hapa: hiyo hutuliza volti tu. Transfoma nayo ni vivyo hivyo. Mashine ya Marekani iliyoundwa kwa hezi 60, hata ikipewa volti zake sawasawa, hapa itapoteza sehemu moja ya sita ya mwendo. Mizunguko 33⅓ kwa dakika inakuwa karibu 27.8. Dawa yake ni puli nene zaidi, ambayo fundi wa kukereza vyuma anaiweza.

Umeme ukikatika, jenereta huwashwa. Jenereta ndogo isiyo na mzigo huweza kupanda, tuseme hadi hezi 53. Hiyo ni asilimia 6 zaidi, na wimbo hupanda nusu toni nzima. Mpiga gitaa anayejifunza solo kwa kufuatisha santuri atalitambua jambo hilo mapema kuliko fundi.

Tena fundi ana mtego wake. Hupima mwendo kwa duara la karatasi lenye mistari 180: chini ya taa inayopepesa mara 100 kwa sekunde, mistari huonekana imesimama tuli santuri ikifika 33⅓. Kumbe taa na mota zikila jenereta moja, hukosea pamoja. Mistari imetulia, wimbo unakimbia!

Mimi huamini saa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, shusha sindano juu ya santuri, kwa kuwa uzito wake nao hupunguza mwendo, kisha hesabu. Mizunguko 100 kwa dakika 3 ni 33⅓ kamili. 90 kwa dakika 2 ni 45. Santuri nzito za 78, za enzi ya mwimbaji Wendo Kolosoy na wimbo wake “Marie-Louise” wa 1948, zinahitaji macho mepesi: 156 kwa dakika 2.