Binti Amefaulu Chuo cha Uuguzi: Je, Ameiva?

Matokeo ya vyuo vya uuguzi yanapotoka, haipiti Jumapili bila mzazi mmoja kutusubiri nje ya kanisa baada ya Misa, karatasi mkononi. Ni baba aliyeuza ng'ombe, au mama aliyekuwa akitenga fedha za alizeti miaka mitatu mfululizo. "Nesi, hebu tusomee hapa. Binti amefaulu. Sasa si ameshakuwa nesi kamili?" Nasi humpa mkono wa pongezi, maana amestahili. Lakini tukirudi nyumbani swali lake hutufuata. Ni swali zuri, na mwezi huu tungependa kulijibu vizuri zaidi kuliko tunavyolijibu pale mlangoni mwa kanisa.

Tuanze na usiku mmoja wa miaka mingi iliyopita, katika hospitali tuliyofanyia kazi zamani. Tulikuwa zamu ya usiku leba pamoja na muuguzi mpya, aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake. Alfajiri, wakati sisi tumeshikwa na mama wa kitanda cha pili, mama wa kitanda cha kwanza alijifungua mtoto aliyelegea kama kitambaa kilicholowa. Halii, hapumui. Yule muuguzi alikimbilia mlangoni kumwita daktari. Akarudi. Akatafuta ule mfuko wa kupumulishia tunaouita ambu, akaukuta kabatini, ila maski yake ndogo ya watoto wachanga haikuwapo. Wakati huo mhudumu wa wodi, mama mtu mzima asiyekuwa na cheti chochote, alikuwa amekwisha kumfuta mtoto kwa kanga na kumsugua mgongo kwa nguvu. Mtoto akapiga chafya, kisha akalia. Asubuhi, wakati wa chai, muuguzi wetu alitutajia hatua zote za kumhudumia mtoto asiyepumua, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.

Tusimcheke. Wengi wetu tuliwahi kuwa yeye. Wala tusiseme chuo chake kilikuwa kibaya. Kilimfundisha, na alielewa. Ambacho mtihani haukumwuliza ni kama mikono yake ingefuata kichwa chake saa kumi alfajiri.

Chuo hupimwaje?

Huku kanda ya kati vyuo vipo. Watoto wetu wanasoma Mirembe, Mvumi, Itigi, na wengine katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Diploma ya uuguzi na ukunga huchukua miaka mitatu, mwanafunzi akipanda ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za NACTVET. Kuna mitihani ya kuandika na ya vitendo, na kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ni Baraza la Uuguzi na Ukunga linalosajili na kutoa leseni.

Mtihani wa vitendo siku hizi hufanywa kwa vituo. Mwanafunzi hutoka meza hii kwenda ile. Hapa anapima presha, pale anachoma sindano kwenye mkono wa plastiki, na msimamizi anaweka alama za vema kwenye orodha yake. Mtindo huo uliandikwa mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland. Ni mtindo wa haki. Zamani mwanafunzi mmoja aliweza kuangukiwa na mgonjwa mwepesi na mwenzake mgonjwa mgumu, kisha wote wakapimwa kwa rula moja.

Hata hivyo, meza ya mtihani ni tulivu. Hakuna ndugu wanaolia nje ya dirisha, umeme haukatiki, na maski iko mahali pake.

Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kwamba mafunzo yoyote yaulizwe maswali manne. Je, wanafunzi waliyapenda? Je, walijifunza? Je, walipofika kazini walitenda tofauti na awali? Na la nne: je, kilichokusudiwa kimepatikana? Vyuo vingi hujibu mawili ya kwanza, halafu hupumzika. Katika kazi yetu, swali la nne ni mgonjwa mwenyewe, kama amerudi nyumbani kwa miguu yake au amebebwa.

Yaliyoonekana Haydom

Msidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Jirani zetu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara karibu na mpaka wa Singida, waliyajaribu. Mwaka 2010 wahudumu wao wa uzazi walipewa kozi ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga wapumue, wakitumia mtoto bandia. Hao walikuwa watu walio tayari kazini, lakini jambo lililojitokeza linavihusu vyuo vyote.

Kabla ya kozi, wahudumu 18 tu katika kila 100 walifaulu zoezi la kumpumulisha mtoto bandia. Walipopimwa tena miezi kadhaa baada ya kozi, walifaulu 74. Chuo chochote kingepiga picha na kusherehekea! Watafiti, akiwamo Daktari Hege Ersdal wa Norway, hawakuishia hapo. Waliangalia leba yenyewe, kwa watoto wa kweli. Waliopumulishwa au kunyonywa ute hawakuongezeka, na waliosuguliwa ili waanze kupumua walipungua. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2013, na sisi tulipoisoma tulimkumbuka yule muuguzi wetu na chai yake.

Wa Haydom hawakukata tamaa wala hawakuagiza kozi nyingine kubwa. Kuanzia Februari 2011 mtoto bandia aliletwa leba, na wahudumu wakawa wanafanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, na la dakika 40 kila mwezi, wakisimamiwa na wenzao wa hapo hapo. Estomih Mduma na wenzake waliandika matokeo yake mwaka 2015, wakilinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada. Watoto waliosuguliwa waliongezeka kutoka asilimia 14.5 hadi 16.3. Waliohitaji ambu walipungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, jambo linaloeleweka, kwa sababu mtoto aliyefutwa na kusuguliwa mapema mara nyingi huanza kupumua mwenyewe. Na vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mtu mwangalifu atasema mwaka mmoja unaweza kuwa na mambo mengine yaliyosaidia. Ni kweli. Ndiyo maana ilifaa kujaribu tena kwingine. Mpango uliokuzwa kutokana na mazoezi hayo, pamoja na vifaa vipya, ulipelekwa katika hospitali 30 za mikoa mitano ya Tanzania, na taarifa yake ikatoka mwaka 2025. Watoto waliokufa wakati wa kuzaliwa au ndani ya saa 24 walipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Sasa mzazi aulize nini?

Unapompeleka kijana chuoni, usiulize tu ni wangapi walifaulu mwaka jana. Uliza wanafunzi wangapi husimama kwenye kitanda kimoja wakiwa wodini. Tumeona kumi wakimzunguka mama mmoja, na aliyeshika kazi ni mmoja tu. Tisa waliobaki waliondoka na sahihi kwenye daftari zao. Uliza kama wakufunzi hufika wodini au huonekana darasani tu. Uliza kama chumba cha mazoezi hufunguliwa jioni, au hufungwa kwa kufuli ili vifaa visiharibike mpaka wageni waje. Chuo kinachofuatilia wahitimu wake mwaka mmoja baada ya kuajiriwa, kikawauliza wasimamizi wao, "Anafanyaje kazi?", kina thamani ya ng'ombe wako.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa wodini. Mwanafunzi akija tunamtuma kufagia, kupeleka sampuli maabara na kununua maandazi, kisha tunatia sahihi kwamba amezalisha. Tumefanya hivyo, tukiwa tumechoka na wagonjwa ni wengi. Kila sahihi ya namna hiyo ni mama fulani atakayehudumiwa na mikono ambayo haijazoea.

Siku hizi katika wodi yetu mtoto bandia hukaa juu ya meza karibu na mlango wa leba, na ambu na maski zake mbili kando yake. Kabla ya kupokeana zamu, mwanafunzi na muuguzi mzee hufanya zoezi pamoja, dakika chache tu, mmoja akihesabu kwa sauti. Juzi bibi mmoja aliyemleta mkwewe alituona, akacheka sana akauliza kama wauguzi wazima hawaoni haya kucheza mwana. Tukamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akatuambia, "Basi rudieni tena, huyu wangu bado hajafika saa yake."