Ithibati ya Mkono wa Binadamu katika Sanaa ya Kidijitali

Kuthibitisha kwamba mchoro wa kidijitali umefanywa na binadamu ni kazi ya kuushuhudia mchakato wa uchoraji, wala si kazi ya kuukagua mchoro uliokwisha kukamilika. Faili la picha ni mkusanyiko wa namba zinazotaja rangi ya kila pikseli, yaani kila nukta ndogo kabisa inayoijenga picha hiyo, na namba hizo hazisemi kama ziliwekwa na mkono wa mchoraji au zilizalishwa na akili unde, ambayo ni programu iliyofunzwa kwa picha nyingi mno hadi ikaweza kuunda nyingine kwa kufuata maelekezo ya maneno.

Kwamba jicho pekee halitoshi limedhihirika katika mashindano ya kimataifa. Mwezi Aprili 2023, Boris Eldagsen, msanii wa Ujerumani, aliikataa tuzo ya Sony World Photography Awards baada ya kueleza kuwa picha yake iliyoshinda ilitokana na akili unde. Na mwaka 2024, Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe katika kundi la kazi za akili unde la mashindano mengine, akashinda, kisha akaondolewa alipobainisha kuwa aliipiga kwa kamera.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Mwezi Februari 2023, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuwa katika kitabu cha katuni kiitwacho Zarya of the Dawn, maandishi na mpangilio wa kurasa vinalindwa kwa kuwa ni kazi ya mtu, lakini picha zilizozalishwa na programu ya Midjourney hazilindwi. Na baadaye mwaka huohuo ikakataa kumsajilia Jason Allen picha iliyoshinda katika maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022, ingawa alieleza kuwa aliirekebisha kwa maelekezo yasiyopungua 624. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zina mkabala tofauti, kwani kwa kazi iliyozalishwa na kompyuta humtambua kuwa mtunzi yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane.

Njia ya kwanza ya uthibitishaji ni programu za utambuzi, ambazo hutafuta katika picha dalili zinazofanana na kazi za mashine. Jibu lake ni makisio ya uwezekano tu, na udhaifu wa makisio ya namna hii ulidhihirika hata kwa maandishi, pale kampuni ya OpenAI ilipokiondoa chombo chake cha kutambua matini za akili unde mwezi Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Kumhukumu mchoraji kwa makisio hayo ni dhuluma, kwa kuwa mtu mwenye mkono mwepesi na mistari safi anaweza kunyang'anywa sifa ya jasho lake bila ushahidi wowote.

Njia ya pili ni kumbukumbu ya asili ya faili. Mwezi Februari 2021, Adobe, BBC, Microsoft na washirika wengine waliunda muungano wa C2PA, ambao umeweka kanuni za kuambatanisha na faili taarifa za chombo kilichotumika na mabadiliko yaliyofanywa, kisha kuzifunga taarifa hizo kwa sahihi ya kidijitali, yaani alama ya kihisabati inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri na kuhakikiwa na yeyote kwa ufunguo wa umma, hivi kwamba yeyote akibadili hata pikseli moja, sahihi haikubali tena. Hata hivyo, taarifa hizo hupotea mtu anapopiga picha ya skrini, na sahihi huthibitisha kuwa chombo fulani kilitia alama, haithibitishi ukweli wa kila kilichotiwa alama hiyo. Mwaka 2025, kampuni ya Nikon ililazimika kubatilisha vyeti vya kuthibitisha sahihi za kamera zake baada ya kubainika kuwa kamera hizo zingeweza kutia sahihi picha isiyo halisi.

Njia ya tatu, iliyo bora zaidi kwa wachoraji, ni ushahidi wa kazi yenyewe: rasimu za mwanzo, faili lenye tabaka, yaani sehemu za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine kabla ya kuunganishwa, na video ya hatua za uchoraji ambayo programu kama Procreate huirekodi yenyewe. Ushahidi huu nao una mwanya, kwa sababu mtu anaweza kunakili kwa mkono picha iliyotoka kwenye mashine na video ikaonyesha mistari yake tu. Kwa hiyo unahitaji mhakiki mwenye ujuzi, anayemhoji mchoraji kuhusu chaguo lake la umbo, mwanga na rangi, na chama cha wasanii kinachotoa ithibati kwa jina la chama chenyewe na kuibatilisha udanganyifu unapobainika.

Ithibati ya haki, basi, inapaswa kutaja kiwango cha mchango wa binadamu badala ya kujibu ndiyo au hapana, maana kuna tofauti kubwa kati ya kusafisha madoa kwa msaada wa programu na kuagiza picha nzima. Inapaswa kutolewa kwa gharama ambayo mchoraji chipukizi anaimudu. Na kukosekana kwake kusichukuliwe kamwe kuwa ushahidi wa hatia. Wachoraji nao wahifadhi rasimu, tabaka na video za kila kazi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mchakato usiohifadhiwa hauwezi kushuhudiwa na yeyote baada ya shaka kuzuka.