Hakuna Doo Hapo, na Bado Utarudi

Itisha clean-up ya Jumamosi asubuhi kwa mbogi yoyote ya mtaani na swali ya kwanza itakuwa, "Kuna ngapi hapo?" Na hiyo swali iko sawa kabisa. Msee anadaiwa rent, mathe ocha anangoja kutumiwa kitu, alafu unakuja kumshow aokote taka ya wenyewe bure? Lazima aulize. Sitakudanganya ati kujitolea inaleta doo. Haileti, na siku zingine hata fare inatoka kwa mfuko yako. Yenye nataka tubonge ni mbona kuna wasee hurudi Jumamosi ingine, na ingine, na hakuna mtu amewaita.

Tuanzie Mathare, Nairobi. 1987, mzungu mmoja wa Kanada, Bob Munro, mtu wa mambo ya mazingira, alipata watoi huko wakicheza ball ya juala na kamba. Akaanzisha nao Mathare Youth Sports Association, ile kila mtu anaita MYSA. Chama ilikuwa na rule moja tamu sana: ball na usafi zinaenda pamoja. Timu ikifagia mtaa na kuzibua mitaro, inaongezewa pointi kwa ligi. Yaani mnaweza kuchapwa uwanjani na bado mpande kwa table, juu asubuhi mlikuwa mnasukuma wilbaro. Mtoi anaelewa hiyo hesabu haraka kuliko ile ya odijo. Humo ndani ndio ilitoka klabu ya Mathare United, 1994, na 2008 ikabeba ligi ya Kenya. Staa wa ball Dennis Oliech alipitia hapo kabla ya Qatar na Ufaransa kumjua.

Lakini mimi sisisimki sana na mastaa. Kwa kila Oliech kuna maelfu ya wasee hawakuwahi kulipwa hata soo na ball, na hao ndio stori yangu. Walipuliza filimbi mechi za watoi. Wakafunza under-12. Wakaokota taka. MYSA wakaanza kuweka hizo kazi kwa rekodi, na wenye walijitolea sana wakalipiwa school fees. Wengine walipewa vikamera vya plastiki wapige picha za mtaa yao, project ya Shootback, na picha zao zikatoka kwa kitabu 1999. Julius Mwelu alikuwa mmoja wa hao watoi. Akakua fotografa wa ukweli, alafu akarudi Mathare kufungua Mwelu Foundation, afunze madogo wengine kushika kamera. Hakuna mtu alimwandikia kwa mkataba ati lazima urudi.

Sasa wacha nikuchoree venye clean-up hukaa, juu kwa picha za mtandao unaona tu watu wamevaa t-shirt mpya wakicheka. Ni asubuhi mapema, baridi inauma. Kuna reki mbili, koleo moja, magunia, na gambuti zenye watu wanapokezana. Mtaro ukianza kuufungua, juu ni chupa za soda, hiyo ni rahisi. Chini ya chupa ni diapers. Chini ya diapers ndio kuna ile matope nyeusi, nzito, inatoa mapovu ukiiguza, na harufu yake utaenda nayo hadi kejani. Watu wanasimama kwa milango wanawacheki tu. Kuna mathe ako na karai yake ya mandazi hapo kona. Anauliza, "Nyinyi vijana, mmetumwa na mheshimiwa gani?"

"Hakuna mheshimiwa, mathe. Ni sisi tu."

Haamini, na siwezi mlaumu. Vijana wengi aliona wakishika fagio ilikuwa mwaka wa kura. Mkirudi anauliza tena. Mkirudi ingine anakaa kimya. Alafu siku moja anamtuma kijana yake na jembe, na mandazi zimefungwa kwa gazeti, anasema mtalipa mkiwa nazo. Kutoka hapo hauitwi tena "nyinyi vijana". Unaitwa na jina yako.

Unaweza dhani hiyo ni kitu ndogo. Kama umekulia Eastlands unajua si ndogo. Karao akipata machali watatu wamevaa kofia wamekaa base, ashaamua kesi yao kabla hawajafungua mdomo. Sasa mathe wa mandazi akitoka na mwiko yake mkononi akasema, "Huyo namjua, huyo ndiye hunizibulia mtaro," stori inabadilika hapo hapo. Kwa mtaa kama Mathare, kujulikana na mtu mzima kwa kitu poa inaweza kuwa tofauti ya kulala keja na kulala seli. Hakuna cheti inakupea hiyo.

Na kuna kujuana kwenyewe. Mvua ya Aprili 2024 mto Mathare ulivunja kingo usiku, maji ikabeba manyumba. Wasee wa mtaa wenyewe walibebana. Kwa hiyo giza, mtu anasaidia kuliko wote ni yule anajua shosho gani anaishi peke yake na mlango gani iko na watoi wachanga. Hiyo ramani huipati kwa simu. Unaipata ukizunguka ploti kwa ploti ukiomba watu magunia. Na mtaro ukizibuliwa pia unasaidia zaidi ya hapo mtaani: taka ya Mathare inaingia mto Nairobi, inashuka Athi, mto unabadilisha majina hadi unaitwa Sabaki, alafu unamwaga kila kitu baharini karibu na Malindi. Chupa uliyookota hapo Juja Road ni chupa mvuvi wa Mambrui hatakuta kwa nyavu.

Si lazima iwe taka, though. Beshte yangu mmoja hawezi shika taka, roho yake inakataa, lakini hutoa damu. Sista yake mdogo ako na sickle cell. Miaka mingi kazi ya huyo chali ilikuwa kukaa kwa benchi ya hosi akimskia akilia, na hakuna kitu angefanya. Sahi ako na kitu anaweza fanya. Damu yake haiandikwi jina ya sista yake, inaenda kwa mwenye anaihitaji siku hiyo, na anajua. Lakini anajua pia ile painti sista huongezewa ilitoka kwa mkono ya mtu hawajawahi patana. Masharti si mingi: uwe umefika miaka 16, uwe na kilo 50 kwenda juu, uwe mzima. Wanatoa kama mililita 450, machali wanarudi baada ya miezi tatu, madem baada ya nne. Hiyo damu inaweza gawanywa isaidie hadi wagonjwa watatu. Ukimaliza unapewa soda na biskuti. Kuna siku tunamshuku beshte hukujia biskuti.

Hapo ndio naona tofauti ya wenye hurudi na wenye hupotea. Msee wa kujitolea juu ya CV, simchukii, sote tunatafuta, lakini cheti ikiprintiwa hutamwona tena. Mwenye anarudi ni yule kitu ilimuuma personally: mtaro ulifurika kejani kwao, sista alilazwa, mdogo wake aliacha shule. Huyo hata mvua ikinyesha atafika, na ndio maana yeye ndiye hupata marafiki, kazi na jina.

Alafu kuna ofisi zingine, nazo zichunge. Zinakuita "volunteer" Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja, fare juu yako, lunch juu yako, na mabosi wanapiga picha na wewe za kuonyesha wafadhili. Hiyo si kujitolea. Hiyo ni kibarua bila mshahara, na mimi nakushow uhepe. Kujitolea ya ukweli inakuachia siku zako za hustle na hakuna mtu anaitajirikia.

Sasa wewe unajua yenye inakuuma. Kama ni damu, enda hosi ya karibu uulize siku zao za kupokea. Kama ni watoi, odijo wa hapo mtaani hatakukataa ukisema unataka kuwasomesha jioni. Na kama ni mtaro, tafuta mbogi yenye iko karibu na wewe Jumamosi, ufike mapema, na ukuje na glavu zako. Kwetu huwa hazitoshi.