Sababu za Mtu Kubadili Jina Lake

Mtu hupewa jina lake la kwanza kabla hajaweza kusema lolote juu yake, na wengi huishi nalo hadi kaburini bila ya kuliuliza. Walakini katika kila kizazi wako wachache ambao, wakiisha kuwa watu wazima, hulikataa jina walilopewa na kutaka waitwe vingine. Aghalabu jambo hili huchukuliwa kuwa ni kiburi, au ni njia ya kukimbia deni au kosa. Yamkini watu wa namna hiyo wako, na sababu yao haina haja ya kuelezwa. Katika makala haya nataka kutazama sababu zilizo nzito zaidi. Nyingi ya hizo, kwa maoni yangu, hurudi katika swali moja: nani mwenye haki ya kumwita mtu, na amwite kama nani?

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi jina la mwambao lilivyojengwa. Lina sehemu mbili au tatu: jina la mtu mwenyewe, la baba yake, na mara nyingi la babu yake au la ukoo. Zamani sehemu hizi ziliunganishwa kwa neno bin au binti. Siku hizi maneno hayo yameachwa katika maandishi mengi, lakini mpango ni ule ule. Sehemu ya kwanza humtaja mtu. Zinazofuata humshuhudia, yaani husema ametoka kwa nani. Msomaji akiishika tofauti hii ataona kwamba wabadilio majina hawagusi wote sehemu moja.

Mabadiliko ya mapema kabisa hufanywa na wazee, mtoto akiwa mchanga. Yasimuliwa kwamba Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, maana yake kwa Kizanaki ni mwendaji. Lakini alilia mno, na kwa shauri la mganga akapewa jina jingine, Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Hapa jina lilidhaniwa kuwa halikupatana na mwenye kulichukua. Hali kadhalika yako majina ambayo kwa hakika ni habari za nyumba zaidi kuliko habari za mtoto: Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Sikujua, Sikudhani. Mama aliyezaa katika msiba au katika ugomvi wa nyumbani huuandika msiba wake katika jina la mwanawe, kwa kuwa pengine hakuwa na mahali pengine pa kuuandika. Wengine humpa mtoto jina la kumdunisha makusudi, hasa ikiwa ndugu zake waliomtangulia walikufa, ili kijicho kimpite. Hila hiyo ni ya huruma. Lakini mtoto akipona na kukua, hubaki na jina la kudunisha hali hatari iliyolileta imekwisha sahauliwa. Mtu wa namna hii akitaka kuitwa vingine hawadharau wazazi wake. Ameuchoka mzigo ambao haukuwa wake.

Dini ya Kiislamu, ambayo imeathiri sana majina ya mwambao, ina mafundisho yake juu ya jambo hili. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Tena imepokewa habari ya mtu aliyeitwa Hazn, maana yake ugumu, ambaye Mtume alimwambia awe Sahl, yaani mwepesi; yeye akakataa kwa sababu hakupenda kubadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema kwamba ugumu haukuacha kukaa katika ukoo wao tangu siku ile. Mimi huipenda habari hii kwa kuwa yatuonyesha pande zote mbili za shauri: ubaya wa jina, na heshima ya aliyelitoa. Kila mtu afikiriaye kubadili jina hupima vitu hivyo viwili, ajapokuwa hakupata kusikia habari za Hazn.

Hakuna mahali ambapo kipimo hicho kilikuwa kizito kama kwa watu waliotoka katika utumwa. Utumwa ulifutwa kwa amri Unguja na Pemba mwaka 1897, katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Watumwa wengi walikuwa wameletwa kutoka bara wakiwa na majina ya makwao, nayo majina hayo yakapotea njiani au yakafutwa na wanunuzi. Mahali pake wakapewa majina ya vito, ya heri na ya bahati: Almasi, Feruzi, Marjani, Mabruki, Faraji, Baraka, Faida, Zawadi. Mtu wa leo akiyasikia atasema ni majina mazuri, na ni kweli. Lakini uzuri wake ulimtazama mwenye mali: Faida alikuwa faida ya nani, na Zawadi alipewa nani? Tena jina hilo halikufuatwa na la baba. Mtumwa alijulikana kwa jina la bwana wake. Mabruki alikuwa Mabruki wa Fulani, na neno hilo dogo la "wa" lilikuwa hati ya kumilikiwa mahali ambapo mwungwana angekuwa na bin.

Kwa hiyo aliyepata uhuru alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kujipatia jina ambalo waungwana huitwa, kama Muhammad au Fatma. Na wengi walifanya hivyo, au waliwapa watoto wao. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kupata ushahidi wa nyuma ya jina. Baba hakujulikana, au alijulikana kwa jina la bara ambalo mjini halikuwa na thamani. Hapo ilifaa desturi iliyo katika nchi nyingi za Kiislamu, kwamba aliyesilimu au asiyekuwa na baba wa kumtaja huitwa bin Abdalla. Abdalla ni mtumwa wa Mungu. Aliyekuwa mtumwa wa mtu aliandikwa sasa kuwa mwana wa mtumwa wa Mungu, na katika hilo alilingana na kila mtu msikitini, pamoja na aliyemmiliki jana.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni ule wa mwimbaji wa Unguja ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alizaliwa kijijini Fumba kiasi cha mwaka 1880 katika nyumba ya maskini wenye asili ya bara, akaitwa Mtumwa binti Saad. Alichukuza vyungu akiviuza, akija na mjini. Halafu mwaka 1911 akahamia huko na kujifunza kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri, na sauti yake ikasikika mwambao mzima. Kufikia wakati huo hakuna aliyemwita Mtumwa. Alikuwa Siti, neno la Kiarabu la kumwitia bibi mwenye cheo. Hadi kufa kwake mwaka 1950 alijulikana kwa jina hilo, na ndilo tunalomjua nalo.

Nataka msomaji atazame kilichobadilika na kisichobadilika. Mtumwa liliondoka, binti Saad likabaki. Angeweza katika utukufu wake kujitafutia nasaba, kama walivyofanya wengi waliokuwa na sauti ndogo kuliko yake; lakini mtu maskini wa Fumba aliendelea kutajwa kila jina la binti yake lilipotajwa, katika majumba ambayo yeye mwenyewe asingekaribishwa. (Wenye kupenda asili ya maneno wataona pia kwamba mtumwa na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Lugha haikumdhalilisha aliyetumwa. Waliomdhalilisha ni watu.)

Upande wa bara, na hata katika sehemu za mwambao zilizokuwa za wamisionari, uhuru na jina vilikuja pamoja kwa njia nyingine. Watumwa waliookolewa baharini wakapelekwa Freretown karibu na Mombasa, au waliokombolewa wakawekwa na mapadre wa Kifaransa Bagamoyo tangu mwaka 1868, walibatizwa na kupewa majina ya Ulaya. Baadaye jambo hilo likaenea kila palipokuwa na shule ya misheni. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aliongeze jina la mtakatifu mmoja juu ya lile walilolichagua na kuyaandika yote mawili. Sheria mpya ya mwaka 1983 imelegea: yataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Basi anayebatizwa leo kwa jina la Neema, Baraka au Furaha, au kwa jina la babu yake wa kijijini, havunji sheria yoyote. Ijapokuwa wako wazee wa kanisa ambao habari hiyo haijawafikia.

Jomo Kenyatta ni mfano mzuri wa mtu aliyeyapitia yote hayo. Alizaliwa Kamau wa Ngengi. Alipobatizwa mwaka 1914 husemwa kwamba alitaka kuitwa John na Peter pamoja, akaambiwa achague moja. Naye, akijua ya kuwa Petro maana yake ni mwamba, akayafunga mawili katika moja akawa Johnstone, kwani stone ni jiwe kwa Kiingereza. Kenyatta lilitokana na mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa. Na alipotoa kitabu chake juu ya desturi za Wakikuyu mwaka 1938 huko London, jina lililokuwa juu ya jalada ni Jomo. Kijijini, misheni, Nairobi na Ulaya: kila mahali palikuwa na watu wapya wa kusema nao, na kwa kila watu akawa na jina.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa na sababu iliyo wazi zaidi. Riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1964, ilitoka kwa jina la James Ngugi. Husimuliwa kwamba mwaka 1970 aliposimama mbele ya mkutano wa kanisa akatamka kuwa yeye si Mkristo, mzee mmoja aliinuka akamkanusha, akasema ni Mkristo hakika, maana anaitwa James. Mzee yule hakukosea. Jina lilikuwa likisema jambo ambalo mwenyewe hakulisema, na katika mabishano ya namna hiyo jina hushinda, kwa kuwa limetangulia. Ngũgĩ akaliacha, na tena twaona kwamba alipoliacha alijiongezea la baba yake.

Ni lazima kutenga mambo haya na yale yaliyotokea Kongo. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliigeuza nchi kuitwa Zaire, na mwaka 1972 akapiga marufuku majina ya Kizungu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Hoja yake kwamba majina ya ubatizo yaliletwa na ukoloni haikuwa ya uongo. Lakini mtu aliyeondolewa jina kwa amri ya serikali hakubadili jina lake. Amebadilishwa, kama babu yake alivyobadilishwa na padre. Nyumbani watu waliendelea kuitana walivyozoea. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1997, aliyeshika nchi baada yake aliitwa Laurent-Désiré Kabila. Jina Désiré lililofukuzwa ikulu likarudi ikulu.

Ndoa nayo hubadili majina ya wanawake wengi. Kwa desturi ya Kiislamu mke hubaki na jina la baba yake, na wake wengi wa Kikristo walioshika desturi ya Kiingereza huchukua la mume. Juu ya hili mengi yamekwisha andikwa.

Imebaki sababu moja ya siku hizi, isiyo na fahari ya mashujaa hawa, lakini yenye kuwasumbua watu wengi kuliko zote, nayo ni makaratasi. Katika Tanzania nafasi za sekondari zilikuwa chache mno kwa miaka mingi. Mtoto aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba aliweza kurudia darasa katika shule nyingine kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha masomo. Akifaulu, cheti kilitoka kwa jina lile la kuazima. Na kazi, na mshahara, na pensheni vikafuata cheti. Hivyo mtu mzima ana jina moja ambalo mama yake amwita, na jingine ambalo mwajiri amwita, na watoto wake wameandikwa shuleni kuwa wana wa ukoo wasioujua. Kitambulisho cha taifa kilipokuja, kikataka majina yote ya mtu yapatane, jambo lililofichika miaka thelathini likatoka nje.

Sheria ina njia. Mtu mzima huapa mbele ya wakili, huandika hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kenya ina kanuni zake za mwaka 1967. Gharama yake si kubwa kuliko ng'ombe mmoja. Ugumu huja baada ya hapo, kwa kuwa hati humlazimu karani, wala haimlazimu jirani. Mtu akifa, na mirathi ikaletwa mbele ya hakimu, nyumba imeandikwa kwa jina moja na akiba ya benki kwa jingine, watoto huambiwa walete watu waliomjua. Basi huitwa wazee wa kijiji na wenzake wa kazini, waliomwita kwa majina mbalimbali na pengine hawakupata kuonana, ili waape kwamba marehemu wa hawa na marehemu wa wale alikuwa mtu mmoja.